Jina Kwenye Kioo cha Nyuma

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Najua tulivyofundishwa shuleni, na najua mama akisikia nimeigeuza hivi atashika kichwa. Lakini mie nimemwona mtu aliyemsikia mkuu. Nimekaa naye sebuleni kwake Mbezi, na guu lake limejaa vyuma.

Mkuu mwenyewe ni Ami Mbwana, mdogo wake marehemu baba. Tangu tumzike baba, yeye ndiye aliyekaa kwenye nafasi yake. Alisimama kwenye nikaha ya kaka yangu Anwar, alinisindikiza chuo siku ya kwanza, na akikohoa tu mlangoni mama hupunguza sauti ya redio. Kazi yake ni udalali wa magari. Hana yadi. Yadi yake ni vibaraza vya watu, na gari analouza mtaani kwetu Tandika huja na dua. Analileta nyumbani kwako, linalala siku mbili tatu "liwazoee," kisha anakuja na maalim, linafukizwa udi, linasomewa, ndipo unakabidhiwa. Kabla ya dua halitoki getini. Baada ya dua huwezi kulipeleka kwa fundi likakaguliwe, maana utakuwa umeitilia shaka dua. Na kabla ya dua huwezi pia, maana utakuwa umemtilia shaka Ami. Ndivyo alivyouza magari miaka yote hiyo, na sijasikia hata moja lililowahi kukaguliwa.

Alhamisi jioni aliingiza uani kwetu gari dogo, IST ya rangi ya fedha. Mnunuzi alikuwa Anwar. Mkewe, Najat, alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue mtoto wa kwanza, na kwa desturi ya kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake, Tanga. Mpango ulikuwa dua isomwe Jumapili asubuhi, na dua ikiisha Anwar ampakie mkewe na mama, waondoke moja kwa moja.

"Ya mzee mmoja wa Mikocheni, aliiagiza mwenyewe Japani," Ami alisema, akilipapasa paa kama mtu anayempapasa mbuzi wa Idi. "Swala tano. Ilikuwaga inatoka nyumbani, inaenda msikitini, inarudi. Basi."

Najat alifungua mlango wa nyuma, akabonyeza kiti. "Wifi, njoo uone kiti kilivyo laini. Nitalala mpaka Tanga."

Nilisogea. Ndani kulinukia udi hata kabla ya dua, udi mwingi, ule wa nyumba yenye harusi. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya rangi mbichi.

"Ami, kadi ya gari iko wapi tuone jina la mwenyewe?"

Mama alinitupia jicho. Ami akacheka.

"Diploma ya ununuzi na ugavi hiyo inaongea. Tunu, mwanangu, hii siyo tenda ya halmashauri."

"Jina tu, Ami."

"Kadi inakuja na dua. Au unataka na cheti changu cha kuzaliwa?"

Wakacheka wote, na mie nikatabasamu ili yaishe. Nikaingiza namba za gari kwenye simu, kwenye ule ukurasa wa faini za barabarani. Hakukuwa na faini hata moja. Ami alichungulia juu ya bega langu.

"Umeona? Hata ya mkanda hana, mzee wa watu."

Akamkabidhi mama funguo, akaaga. Anwar alilisindikiza gari lile kwa macho kana kwamba ndilo lililokuwa likiondoka, si Ami.

Ijumaa nilitoka uani alfajiri na kopo la maji ya udhu. Ilikuwa Julai, umande ulikuwa umelala juu ya kila kitu, na kioo cha nyuma cha gari kilikuwa cheupe. Katikati ya weupe ule umande ulikuwa umekataa kushika sehemu fulani, na sehemu zile zilikuwa herufi. Kubwa, za kubandika, zilizobanduliwa na mtu mwenye subira. EBENEZA.

Nilisimama pale mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Mzee wa swala tano, kutoka nyumbani kwenda msikitini, na mgongoni kabeba Ebeneza, neno la kanisani.

Anwar aliporudi kutoka msikitini jua lilikuwa limeshapanda na kioo kimekauka.

"Umeota," alisema.

"Sijaota. Leta maji nikimwagie uone."

"Tunu, acha. Labda ni ya mtu aliyemuuzia huyo mzee."

"Ami kasema mzee mmoja. Kabla yake Japani. Wajapani ndio wameandika Ebeneza?"

Aliangalia chini. Kaka yangu si mjinga. Ni mtoto wa kwanza aliyefiwa na baba mapema, na watu wa namna hiyo hushika mkono wowote ulionyooshwa.

"Nikianza kulipekua gari alilonipa Ami," alisema taratibu, "siku nikikutana na baba nitamwambia nini?"

"Utamwambia umepekua."

Aliingia ndani. Nikachukua funguo pale mama alipozitundika, nikafungua boneti mwenyewe. Sikujua ninachokitafuta. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa, kinameta, kama maiti iliyokafiniwa. Lakini aliyeosha alisahau kikadi kimoja cha plastiki kilichofungwa kwa waya karibu na betri, vile ambavyo mafundi huning'iniza wakimwaga oili. Kilomita zilizoandikwa pale zilikuwa nyingi kuliko zile zilizoonekana kwenye dashibodi. Gari halipungui kilomita kwa kuendeshwa. Chini kulikuwa na namba ya simu na jina: Fundi Didas, Mbezi Luis.

Nilipiga nikiwa nyuma ya choo.

"Fundi, nina IST ya silva. Ina kikadi chako cha oili. Zamani ilikuwa imeandikwa Ebeneza nyuma."

Kule kwake kulikuwa na kelele za kusaga chuma. Zikakoma zote kwa pamoja, kama amewanyooshea wenzake mkono.

"Dada, gari hiyo iko wapi?"

"Uani kwetu. Tandika."

"Inatembea?"

"Ilikuja ikitembea."

"Nani ameipanda?"

"Bado. Jumapili atapanda wifi yangu. Mjamzito."

Nilimsikia akipumua. "Mie sitaisema hiyo gari kwenye simu. Njoo, nikuelekeze kwa Mama Tekla. Na asipande mtu, dada. Hata kwa kupiga picha asipande mtu."

Jumamosi nilimwambia mama naenda Mwenge kutafuta zawadi ya mtoto. Nikaenda Mbezi. Fundi Didas alinipeleka hadi nyuma ya stendi ya mabasi ya mikoani, akanionyesha nyumba yenye geti la bluu, akarudi bila kunisubiri nigonge.

Mama Tekla aliitwa Tupokigwe, mwanamke mrefu wa Mbeya, mpole. Mumewe, mwalimu Isack, alikuwa amekaa sofani na mguu wa kulia juu ya kiti kingine, umezungukwa na pete za chuma, na vyuma vyembamba vikiingia kwenye nyama. Niliwaamkia shikamoo. Nikasema nimeelekezwa na fundi, nina shida ya gari, na kwamba mie ni mtoto wa kaka yake Mbwana, dalali.

Uso wa mwalimu ukafunguka. "Mzee Mbwana. Hajambo? Msalimie sana. Alikuwa mtu mwema mno kwetu."

Tupokigwe alimtazama mumewe. Aliweka kikombe mezani, akakaa.

"Alitutafutia gari," mwalimu aliendelea. "Ya mzee mmoja wa kanisa, Mikocheni. Ilikuwa inatoka nyumbani, inaenda kanisani, inarudi. Basi."

Ile *basi* niliisikia mgongoni.

"Mlimwonyesha fundi kabla ya kununua, mwalimu?"

"Nilitaka Didas ainyanyue aione chini. Mzee akaniambia, mwalimu, mtu mzima mie, mwenye mvi hizi, nikudanganye? Nikaona aibu. Kwetu mkubwa akisema hivyo, umeshamaliza." Alicheka kidogo. "Didas aliishia kubadilisha oili tu."

"Halafu?"

Mwalimu akaangalia mguu wake. Aliyejibu alikuwa mkewe.

"Tulikuwa tunatoka Kibaha. Kuna tuta pale, tukalipanda mwendo wa kawaida tu. Nikasikia mlio kama kitambaa kinachanika. Mbele ikajiburuta mpaka mtaroni. Mwenzangu akabanwa mguu. Mie sikuumia. Nikageuka nimwangalie Tekla, na nyuma yangu hapakuwa na kiti. Nikaona barabara. Nyuma ilibaki kando ya barabara, mtoto kadondokea katikati, na kulikuwa na lori linakuja."

Hakulia. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mzee Mbwana alikuja msibani," mwalimu alisema. "Siku zote tatu. Alikaa na wanaume, alibeba maji. Akaniambia, mwalimu, ile chuma isiwaumize macho, nipe kadi niiondoe kituo cha polisi, niipeleke kwa wauza vyuma chakavu ikakatwe. Nikampa. Nilimshukuru."

"Alilia kuliko sie," Tupokigwe alisema. "Mpaka nikawa najiuliza, baba wa watu, unalilia nini?"

Nikawaambia liko uani kwetu.

Mwalimu alitikisa kichwa. Hapana, lile lilikatwa. Mzee mwenyewe alimwambia. Nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu. Aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaangalia namba, akaangalia mikwaruzo ya kwenye bampa ambayo bila shaka aliijua kama mtu anavyojua makovu ya mwanawe. Kisha akanirudishia simu, akageuza uso ukutani.

Tupokigwe alinisindikiza getini. "Wifi yako ana miezi mingapi?"

"Amebakiza wiki chache tu."

"Atakaa kiti cha nyuma?"

"Ndiyo."

"Wajawazito huwa tunawakalisha nyuma," alisema, akafunga geti.

Nilifika nyumbani nikawaeleza wote, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa anachambua mchele wa pilau. Aliendelea kuchambua.

"Watu wakifiwa wanatafuta wa kumlaumu," alisema. "Na magari ya silva yako mangapi mjini humu?"

"Mama, namba ni zilezile."

"Mbwana ndiye aliyemwingiza baba yako kaburini kwa mikono yake. Usiniletee."

Anwar alinisikiliza mpaka mwisho, akampigia Ami mbele yangu na mama, akaweka sauti nje. Ami hakukasirika. Hicho ndicho kilichonitisha.

"Hao watu siwajui," alisema. "Maskini, walipata msiba mzito, akili haijarudi. Ile yao sijawahi kuiona. Hii nyingine. Mwambie mdogo wako asihangaike na wafiwa, ni dhambi. Kesho saa tatu tupo hapo, inshallah."

Anwar akanitazama kama mtu aliyepona. Najat, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hata hivyo, usiku ule begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Asubuhi uwanja ulijaa. Majirani, wazee wa msikitini, wanawake wenye kanga za kufanana, sufuria la pilau jikoni. Maalim Mwinshehe, mzee safi asiyejua lolote kuhusu magari, alikaa kwenye kiti mbele ya boneti. Ami alivaa kanzu mpya. Chetezo kilizungushwa gari zima, kisha kikaingizwa ndani, na moshi ukajaa vioo mpaka viti havikuonekana.

Walipoanza kusoma, Ami alininyatia.

"Umefanya vizuri kunyamaza," alininong'oneza, na mkono wake ulikuwa begani kwangu, mwepesi. "Mtoto wa kike mwenye busara huolewa mapema."

Dua ilipokaribia mwisho aliinua sauti. "Najat, mwanangu. Mama kijacho ndiye aanze kukaa, baraka ianze na kichanga. Ingia nyuma, mama."

Najat akainuka kwenye mkeka. Watu wakampisha. Akafika mlangoni, akashika paa, akaingiza mguu mmoja ndani ya ule moshi. Mguu wa pili ukabaki chini, na akageuza shingo akanitazama.

Nilikuwa karibu na wanawake wanaokata kachumbari. Nilichukua kisu kwa dada aliyekuwa karibu nami, nikapita katikati ya wazee bila kuinama, nikamshika wifi yangu mkono nikamtoa. Kisha nikapiga magoti, nikachoma kisu kwenye zulia la sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, nikachana kutoka mlango mmoja kuelekea mwingine. Mama aliita jina langu. Maalim alinyamaza katikati ya aya. Nikalivuta zulia kwa mikono yote miwili, likaja na gundi yake.

Chini palikuwa pamepakwa rangi nyeusi, bado inanata. Lakini rangi haifichi uvimbe. Sakafu ilikuwa na mshono kutoka upande hadi upande, mnene, uliochomelewa juujuu. Na kando yake, umbali wa kiganja, kulikuwa na mwingine, wa zamani, uliokatika na kuachwa na meno yake.

Watu walisogea kuona, mie nikapiga picha. Harufu ya rangi ikaishinda ya udi.

Ami hakusogea. "Kila gari ya mkononi ina mshono," alisema kwa upole.

"Hii ina miwili, Ami. Mmoja wa kabla ya Tekla na mmoja wa baada ya Tekla."

Uwanja mzima ulikuwa ukimwangalia yeye, na mie nilikuwa nikisubiri aulize. Jumamosi nilimtaja Tekla kwa mama na kwa Anwar, lakini kwenye simu hakuna aliyemtaja mbele ya Ami. Mtu asiyejua angeuliza. Tekla ndiye nani? Ni swali dogo.

Ami Mbwana hakuuliza Tekla ni nani. Aliinama, akaangalia viatu vyake, na nikamwona mama, aliyekuwa amesimama na mwiko, akielewa.

Maalim Mwinshehe alikusanya vitabu vyake akaondoka bila kula. Ami akanyoosha mkono, Anwar akampa funguo kama mtu aliye usingizini. Akaingia kwenye gari lile lile, zulia limechanika, chetezo bado kinafuka ndani, akalirudisha nyuma taratibu mpaka barabarani. Moshi ulitoka madirishani. Hakuna aliyemzuia. Hata mie sikumzuia, na hilo ndilo ninaloliwaza kila siku, kwamba tulipisha njia.

Mchana huohuo nilipakia picha zote, mishono miwili, namba za gari, na kisa kizima kwa jina lake, kwenye kundi la msikiti, kundi la mtaa, na kila kundi la wauza magari nililoweza kuingia. Jumatatu Tupokigwe na mie tulienda kutoa taarifa polisi, na taarifa ikaandikwa. Lakini taarifa haishiki gari. Lilikuwa limeondoka Tandika na hakuna aliyeliona tena. Najat alienda Tanga kwa basi, akajifungua mtoto wa kike.

Wiki iliyopita ukoo ulikaa kikao, sebuleni kwetu. Ami aliletwa ameshikwa huku na huku, presha imempanda, wazee wanasema ni kwa ajili yangu. Hakuna anayemkaribisha kibarazani tena. Shangazi yangu alifungua kikao kwa kusema nyumba haivuliwi nguo sokoni. Anwar akasema, na macho yake hayakunifikia, kwamba angependa ningemwambia Ami pembeni, kiutu uzima. Mama alipindapinda ncha ya kanga mwanzo mwisho.

Kisha Ami mwenyewe akazungumza. Sauti yake ilikuwa ileile, ya kupapasa.

"Mie sina kinyongo. Mtoto hakosi kukosea. Afute zile picha, apige magoti hapa, aombe radhi, nami nitampa. Sitaki afe bila radhi ya wazazi."

"Gari liko wapi, Ami?" niliuliza.

Shangazi akasema hilo silo lililotuleta.

"Liko wapi?"

Ami alichukua kikombe chake cha chai, akakipuliza. "Limepata mtu," alisema. "Mama mmoja mwenye shule. Wa mkoani, ana watoto wadogo, alikuwa anahangaika na usafiri."

"Mkoa gani?"

Akanywa chai.

Chumba kizima kiligeuka kunitazama, na shangazi akanyoosha kidole kwenye zulia mbele ya miguu ya Ami, mahali nilipotakiwa kupiga magoti. Nikatoa simu nikaanza kuandika tangazo jipya, nikiwa nimekaa palepale: mama mwenye shule, mkoani, IST ya silva, usipande, usiwapakie watoto. Nilipomaliza nikalituma, nikainua uso.

Siombi radhi, niliwaambia. Sifuti picha, sipigi magoti, na siombi radhi.